Anasoma hadithi, bahasha ya dawa inamshinda

Tunaposema mtoto wa darasa la nne "anajua kusoma", kwa kawaida tuna maana kwamba anaweza kushika kitabu cha hadithi akakisoma kwa sauti bila kukwama. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini upo usomaji mwingine unaopewa nafasi ndogo mno, nao ni kusoma maelekezo: maandishi yanayomwambia mtu afanye nini, kwa kipimo gani, na aanze na lipi.

Chukulia nyumba ya kawaida pale Kerege, njia ya Bagamoyo. Bibi anasoma Qur'an vizuri, lakini herufi za kizungu hazijui. Baba ameondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Dawa ikiletwa kutoka zahanati, msomaji ni mjukuu. Juu ya bahasha pameandikwa "1 x 3". Shuleni mtoto huyu amekaririshwa kwamba moja mara tatu ni tatu. Nani atamlaumu akimpa bibi yake vidonge vitatu kwa mkupuo?

Au tutazame dawa mseto ya malaria. Dozi ni sita kwa siku tatu, na ya pili hunywewa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Hapa Kiswahili chetu kina mtego, kwani neno "saa" ni muda unaopita na pia ni wakati wa siku. Mgonjwa akimeza dozi ya kwanza saa 4 usiku, ya pili ni saa 12 asubuhi. Mtoto aliyeelewa kuwa ni saa 8 mchana atamsubirisha mgonjwa kwa saa 16. Na kila neno kalisoma sawasawa!

Swali la kuchagua A, B, C au D halimpimi mtoto katika hili. Anapimwa kwa kutenda. Walimu wa madrasa wanalijua jambo hili siku nyingi: mtoto hafundishwi udhu kwa kukariri tu. Huwekewa maji, akatazamwa anaanza na kiungo gani, na akitanguliza miguu kabla ya uso hurudishwa. Huo mpangilio ndio roho ya maelekezo yoyote.

Darasani kazi hii haihitaji fedha za mfadhili. Mwalimu anaandika hatua sita za kuandaa maji ya ORS kwenye vipande vya karatasi, anavichanganya, kisha kila kikundi kinavipanga: nawa mikono, pima lita moja ya maji safi na salama, mimina pakiti yote, koroga mpaka iyeyuke, mpe mgonjwa, mwaga yaliyobaki baada ya saa 24. Kikundi kikitanguliza pakiti kabla ya kupima maji, kiulizwe: mtajuaje kuwa ni lita moja? Watakumbuka kuwa chupa mbili za nusu lita zinatosha.

Kuandika ndiko kugumu zaidi, na mimi naona ndiko kunakofundisha zaidi. Mtoto mmoja anaandika, mwenzake anatenda kile tu kilichoandikwa, bila kubahatisha. Ukiandika "weka sukari", mwenzako ataweka pakiti nzima ikiwa mezani. Darasa litacheka, na mwandishi mwenyewe ataomba kalamu aongeze "vijiko viwili". Hapo ndipo sarufi inapopata kazi: kitenzi kitangulie, kila sentensi ibebe tendo moja, vifaa vitajwe mwanzo. Na ile silabi "si" itazamwe kwa jicho kali, maana kati ya "unywe" na "usinywe" pana silabi moja tu.

Wapo wazazi wanaolipa ada kubwa ili mtoto aghani mashairi ya Kiingereza mbele ya wageni. Sina ugomvi nao. Ila jioni moja wampe karatasi, aandike kwa Kiswahili jinsi chai ya hapo nyumbani inavyopikwa, tangu kuwasha jiko. Kisha mzazi aipike kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, na ainywe yeye mwenyewe mtoto akimtazama.