Foleni Mlangoni mwa Seva: Kwa Nini Kichujio cha Barua Taka Huchelewa

Kichujio cha barua taka ni programu ikaayo katika seva ya barua pepe, nayo kazi yake ni kukagua kila barua iingiayo na kuamua kama ni halali au ni tangazo lisiloombwa. Kikiwa kizima, watu husahau kwamba kipo. Kikizorota, barua ambazo zingefika kwa sekunde chache hukawia saa nzima: jibu la maabara analolingoja daktari, na wito wa usaili anaoungoja mhitimu, hupanga foleni moja na matangazo ya dawa za uongo. Makala haya yaeleza jinsi chanzo cha ucheleweshaji huo kinavyotafutwa, na mfano utakaotumika ni SpamAssassin, programu huria iliyoenea katika seva nyingi za barua.

SpamAssassin ilianzishwa na Justin Mason mwaka 2001, na tangu mwaka 2004 imekuwa chini ya Apache Software Foundation. Haihukumu barua kwa dalili moja. Huipitisha katika kanuni nyingi, kila kanuni na alama zake, za kuongeza au za kupunguza. Jumla ikifika 5, ambacho ndicho kipimo cha kawaida, barua huhesabiwa kuwa taka. Baadhi ya kanuni hutazama maneno na umbo la barua. Nyingine hukadiria uwezekano kwa nadharia ya Thomas Bayes, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 18, kwa kulinganisha maneno ya barua mpya na yale ya barua zilizokwisha kuainishwa. Sehemu hii haianzi kazi mpaka ifundishwe angalau barua 200 za taka na 200 halali. Kundi la tatu hutuma maswali nje ya seva, kwa orodha zinazotunzwa na mashirika kama Spamhaus, ili kujua kama anwani iliyoleta barua imekwisha kujulikana kwa uovu.

Msomaji aangalie tofauti iliyopo hapa. Kanuni za maneno hutumia nguvu ya prosesa. Kanuni za Bayes husoma na kuandika katika diski. Kanuni za kundi la tatu hazifanyi kazi kubwa yoyote: zinangoja jibu. Kwa hiyo seva yaweza kuonekana imelala, prosesa yake haina shughuli, na huku barua zimerundikana mlangoni.

Jambo hili huelezwa vizuri na kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja hukaa humo. Tuseme barua 60 huingia kila dakika, yaani moja kwa sekunde, na kila moja hukaguliwa kwa sekunde 3. Kwa wastani, barua 3 zitakuwa mezani kwa wakati mmoja. SpamAssassin isipoelekezwa vingine huwa na nakala zisizozidi 5 za kukagua kwa wakati mmoja, ambazo hapa zitaitwa watumishi. Hivyo watumishi watosha na wa akiba wapo. Sasa tuseme majibu kutoka nje yamechelewa, na kila barua yachukua sekunde 15. Wanahitajika watumishi 15, nao ni 5 tu. Watakagua barua 20 kwa dakika, na 40 zitabaki. Baada ya saa moja barua 2,400 zitakuwa zinangoja, ingawa idadi ya barua ziingiazo haikuongezeka hata kidogo.

Hali huweza kuwa mbaya zaidi pale ambapo barua hukaguliwa kabla ya kupokelewa rasmi. Itifaki ya SMTP, katika toleo lake la mwaka 2008, yaielekeza seva itumayo kungoja dakika 10 baada ya kumaliza kutuma. Muda huo ukipita hukata mawasiliano, kisha baadaye huileta barua ile ile tena. Seva iliyolemewa huongezewa mzigo wa barua ilizokwisha kuzifanyia kazi, na mpokeaji huenda akapata nakala mbili.

Katika daftari la matukio, SpamAssassin yenyewe huandika kwamba idadi ya juu ya watumishi imefikiwa, na kushauri iongezwe. Wasimamizi wengi hutii mara moja. Ushauri huo ni halali kama kumbukumbu ipo. Lakini ikiwa kila mtumishi achukua megabaiti 100, watumishi 40 wahitaji gigabaiti 4. Kumbukumbu ikiisha, mfumo endeshi huanza kuhamishia data katika diski, na hapo ukaguzi wa sekunde 3 huweza kuchukua dakika nzima. Aliyekusudia kuifupisha foleni ameirefusha.

Njia bora ni kupima kwanza. Daftari hilo hilo hutaja, kwa kila barua, sekunde zilizotumika. Msimamizi achukue barua moja na kuikagua mara mbili: mara ya kwanza kwa kanuni zote, mara ya pili kwa amri yenye alama -L, ambayo huzima maswali ya nje. Tofauti ikiwa kubwa, kosa liko katika njia ya majina. Kwa kawaida SpamAssassin hutuma maswali yake kwa pamoja na huvumilia hadi sekunde 15, ikipunguza uvumilivu kadiri majibu mengi yanavyorudi. Swali moja lililopotea latosha kuikawiza barua. Afrika Mashariki iliijua shida hii kwa namna yake kabla ya waya wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009. Setilaiti za mawasiliano zilizotumika hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali pamoja na jibu lake husafiri umbali huo mara nne: karibu nusu sekunde, hata bila msongamano. Dawa ya wakati ule ingali ndiyo dawa ya leo, yaani kuweka seva ya majina hapo hapo, itunzayo majibu yaliyokwisha kupatikana. Kutumia seva za majina za umma si badala nzuri, kwa kuwa Spamhaus huyakataa maswali yapitiayo huko.

Orodha zilizokufa nazo ziondolewe. ORDB ilifungwa Desemba 2006. Machi 2008 ilianza kujibu kwamba kila anwani ni ovu, na seva zilizokuwa bado zinaiuliza zikakataa barua halali.

Ikiwa maswali ya nje hayana lawama, hazina ya Bayes itazamwe. Kwa kawaida hutunza vipande vya maneno 150,000, na ikizidi hujisafisha yenyewe, wakati wowote, hata saa ya shughuli nyingi. Wakati huo hufungwa kwa kufuli na wengine hungoja. Mabaki ya majalada yenye jina bayes_toks.expire ni dalili kwamba usafi ulikatizwa njiani. Ni afadhali usafi wa papo kwa papo uzimwe, na kazi hiyo ipangiwe usiku. Prosesa ikiwa ndiyo iliyolemewa, zishukiwe kanuni zilizoandikwa na msimamizi mwenyewe, hasa zenye marudio ndani ya marudio, pamoja na barua kubwa mno. Kwa kawaida zile zizidizo kilobaiti 500 hupitishwa bila kukaguliwa, isipokuwa mtu amekipandisha kiwango hicho.

Chanzo kikirekebishwa, foleni haitoweki papo hapo. Katika mfano wa juu, watumishi 5 wakirudia sekunde 3 watakagua barua 100 kwa dakika, lakini 60 mpya zitaendelea kuingia. Hivyo zile 2,400 zitapungua kwa 40 tu kila dakika, na zitahitaji saa nzima kwisha. Msimamizi asiyepiga hesabu hii huona baada ya dakika 10 kwamba barua 2,000 bado zinangoja, hudhani amekosea, na huanza kubadili vitu vingine vilivyokuwa vizima.