Umeambiwa ukaimu? Soma barua kabla ya kuhesabu posho

Masika yakikolea katika bonde la Kilombero, mito hujaa, na zahanati ya ng'ambo hubaki na yeyote aliyekuwepo. Mganga mfawidhi amehama au yuko masomoni. Simu inaita: "Shika hapo mpaka tupate mtu." Muuguzi anapokea funguo za stoo, leja ya dawa, kitabu cha stakabadhi na muhuri. Miezi saba baadaye bado ameshika, na mshahara ni uleule. Akifika Ifakara kuulizia posho ya kukaimu, anaulizwa swali moja: barua iko wapi?

Kwa hiyo anza na barua, na ndani yake tafuta kitenzi. Kukaimu na kukasimiwa yanakaribiana kwa sauti tu. Anayekaimu anabeba cheo chenyewe kwa muda, na chini ya sahihi yake panaandikwa "Kaimu". Aliyekasimiwa amepewa sehemu ya madaraka ya mkubwa wake, naye mkubwa bado ndiye mwenye cheo. Huyu husaini kwa "Kny", yaani kwa niaba. "Shikilia" na "saidia" ni maneno ya mdomoni, na mhasibu hawezi kuyageuza kuwa malipo. Ukikuta barua yako inasema "utasaidia majukumu ya ofisi" huku ukifanya kila kitu peke yako, omba irekebishwe wiki hiyohiyo. Hiyo si jeuri. Dawa zikipotea stoo, ni wewe utakayeulizwa.

Kisha angalia aliyesaini. Mkuu wa idara anaweza kukupangia kazi, lakini kukukaimisha ni jambo la mamlaka ya ajira, na kwa nafasi za uongozi serikalini kinahitajika kibali cha Katibu Mkuu Utumishi. Omba kumbukumbu namba ya kibali hicho, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, kipengele D.24, zinataka kukaimu kusizidi miezi sita kwa kawaida, nafasi ijazwe. Wengi huisoma vibaya hiyo miezi sita: haikupi cheo. Inamkumbusha mwajiri wajibu wake, nawe inakupa sababu nzuri ya kuandika mwezi wa tano kuuliza kibali kitaongezwa au nafasi itajazwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Posho ni tofauti kati ya mshahara wako na ule wa cheo unachokaimu. Tuseme, kwa mfano tu, unalipwa 720,000 na cheo kile ni 980,000. Tofauti ni 260,000 kwa mwezi. Miezi minne ni 1,040,000 kabla ya kodi. Linganisha mshahara na mshahara. Usichanganye humo nyumba, simu au posho ya madaraka ya mwenye cheo. Hizo zina masharti yake, na ukizitia kwenye hesabu dai zima linarudishwa.

Kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, misitu ya misaji, miradi ya utafiti na maduka ya mjini, mambo ni tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuweka kiwango cha posho ya kukaimu. Haki yako inatoka kwenye mkataba wako, kanuni za kampuni, au mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama chenu. Muulize mwakilishi wa chama tawini akuonyeshe kifungu, usiridhike na maelezo. Lakini kifungu cha 15 cha sheria hiyo kina nguvu ambayo wafanyakazi wengi hawaijui: mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na kuyarekebisha yanapobadilika. Akishindwa kuyatoa mgogoro ukifika mbele ya sheria, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa.

Kama barua haikuja kabisa, tengeneza kumbukumbu zako. Siku ya makabidhiano andikeni orodha: funguo, vifaa, fedha, tarehe, sahihi za wote wawili. Tunza nakala za ripoti ulizosaini, mihtasari ya vikao ulivyohudhuria na hati za mshahara za miezi hiyo. Halafu andika ukurasa mmoja kwa mwajiri, kupitia mkuu wako: nilianza tarehe fulani, kwa maelekezo ya fulani, nikifanya kazi za cheo fulani, naomba barua rasmi na malipo ya tofauti.

Asipojibu, mtumishi wa umma anatakiwa na kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma amalize kwanza ngazi za ndani ya utumishi. Wa sekta binafsi anajaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai yasiyohusu kuachishwa kazi muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka; ukichelewa utalazimika kuomba kibali cha kuchelewa na kutoa sababu zenye uzito. Usikae miaka miwili ukingoja bosi mpya mwenye huruma.

Barua yako ikiwa tayari, ipeleke masijala mwenyewe, nakala mbili. Moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe urudi nayo nyumbani.