Raha za Ustaafu na Kidonge cha Presha

Maneno haya ni kwa ajili ya nani

Mtumishi wa serikali nchini Tanzania aweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na hana budi kustaafu atimizapo 60. Na kwa kuwa Mwenyezi Mungu huwajalia wengi umri mrefu baada ya hapo, kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wazee wa Tanga na vitongoji vyake, waliokwisha kukabidhi funguo za ofisi, za darasa au za ghala, na kwa ajili ya wake, waume, watoto na wajukuu waishio nao nyumba moja. Hatukukiandika ili kuwakataza wazee wetu raha, kwani raha ndiyo tuwatakiayo. Tumekiandika kwa sababu tumechoka kuwapokea zahanati, wamebebwa na jamaa zao, watu ambao juma lililotangulia tuliwaona kwa macho yetu wakipita Raskazone kwa baiskeli, wazima wa afya na wenye maskhara mengi, na sasa mkono umelegea, mdomo umekwenda upande na ulimi umekuwa mzito. Na tukiuliza habari ya dawa, jawabu ni lile lile: alijiona mzima, akaziacha.

Kidonge cha presha humezwa kila siku, hata ukijiona mzima.

Namna watu wanavyoghurika

Mtu hupimwa zahanati, akakutwa presha yake imepita 140 kwa 90 mara kadhaa, akapewa dawa akazimeza kwa bidii; na kwa kuwa amekwisha kustaafu na wakati anao, akaanza mazoezi, akalala vizuri, akajiona mwepesi, kisha akapimwa tena na kuambiwa kwamba presha imeshuka. Hapo ndipo aaminipo kuwa maradhi yamekwisha, ilhali kilichoteremka ni kipimo tu, na kilichokiteremsha, pamoja na mazoezi yake, ni kile kidonge anachotaka kukitupa. Presha haiumi. Aghalabu haina homa, haina kikohozi, wala haimzuii mtu kula pilau yake. Kwa hiyo kujiona mzima si ushahidi wa lolote, na kipimo peke yake ndicho kisemacho kweli.

Wako waziachao kwa sababu nyingine, nazo tunazijua. Mwenye kidonge cha kukojoza hukikwepa asubuhi kwa kuchelea kutafuta choo njiani. Huyu na amwulize tabibu kama aweza kukimeza baada ya kurejea matembezini, asijiamulie kukiacha. Mwingine amesikia barazani kwamba dawa hizi hupunguza nguvu za kiume, akaona haya kuuliza. Na aulize faraghani bila ya haya, kwani dawa za presha ni za namna nyingi na tabibu aweza kumbadilishia. Mwingine hunywa kitunguu saumu au maji ya mlonge. Hatumgombezi, lakini asivifanye badala ya kidonge, na amwambie tabibu anachokunywa. Na mwingine humeza vidonge vya jirani yake kwa kuwa rangi yake ni ile ile, jambo ambalo hatuna la kulisemea ila kwamba ni hatari.

Ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake. Na usingoje chupa iwe tupu ndipo uende kutafuta nyingine. Nenda zikiwa zimebaki za juma zima.

Baiskeli

Mji wetu ni tambarare, na watu wake wamezoea baiskeli tangu zamani, hata mwalimu na karani na muuza samaki walikuwa wakikutana njiani wakisalimiana kwa kengele. Basi mstaafu anayerejea kwenye baiskeli yake harejei ugenini. Ipandishe siti hata mguu ukaribie kunyooka pedali ifikapo chini, maana magoti mengi tuyaonayo yameumizwa na siti iliyo chini mno. Kagua breki zote mbili kabla ya kutoka, si ile ya nyuma tu. Vaa kofia ngumu, na nguo nyeupe au ya kung'aa, kwa kuwa bodaboda hazimwogopi mzee. Mabibi wenye mabuibui na mabwana wenye kanzu na wazikusanye nguo zao vyema, kwani mnyororo ukishika pindo huangusha, na nyonga ikivunjika uzeeni huchukua miezi kupona, na wako ambao hawatembei tena kama kwanza.

Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza na mwenzio bila ya kukuruhusu kuimba. Dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa juma, zatosha kwa wengi. Anayetaka zaidi na azidishe kidogo kidogo, kabla jua halijawa kali au baada ya alasiri. Chukua maji. Mwenye kisukari atumiaye dawa na achukue tende chache au sukari mfukoni, na akitetemeka, akitokwa na jasho la baridi au akichanganyikiwa, ashuke, ale, akae. Kifua kikibana, au pumzi ikikatika kuliko ilivyo desturi, shuka papo hapo na uombe msaada. Usiseme utafika kwanza nyumbani.

Na kabla ya hayo yote, je, umemeza kidonge? Baiskeli haichukui mahali pake. Tumewaona waendeshao kila siku, wembamba, wasiovuta sigara, wakaangushwa na kiharusi kwa kuwa walidhani magurudumu mawili yametosha kuwa tiba.

Kuogelea

Usiogelee peke yako, wala maji yakitoka kwa kasi.

Kutazama ndege

Raha hii wengi hudhani ni ya wageni wenye kofia pana, nayo sivyo, kwani haihitaji ila subira, macho, na darubini ndogo kama ipo. Nenda ukingoni mwa mikoko wakati maji yanapokupwa, utawaona yangeyange wamesimama kimya wakivizia visamaki, na mdiria akijitupa majini, na vitwitwi wakikimbia juu ya tope kwa makundi. Na ukizingatia kwamba wengi katika hao vitwitwi hutujia kuanzia mwezi wa Septemba kutoka Ulaya na Asia ya kaskazini, wakakaa nasi hata karibu ya Aprili, kisha wakarejea kwao kutaga, utaona kuwa kuna safari zipitazo mbele ya mlango wako ambazo hukuzijua kwa miaka yote uliyokaa ofisini. Nyumbani nako chozi hufuata maua ya mchungwa na ya mgomba. Kunguru wa Kihindi, ambaye aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ametapakaa pwani nzima akila mayai na makinda ya wengine, hatumsifu, ila hata yeye ana akili za kutazamwa. Na mwenye nauli na apite Muheza apande hadi Amani, penye bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na msitu wenye ndege wasiopatikana pwani.

Faida ya raha hii kwa siha ni kwamba humtembeza mtu bila ya yeye kuhisi kuwa anafanya mazoezi. Tahadhari zake ni chache lakini si za kupuuzwa: vaa viatu vyenye kushika, kwani tope la mikokoni huteleza, tazama juu ukiwa umesimama, usitembee huku darubini iko machoni, mwambie mtu wa nyumbani uendako na saa utakayorudi, jikinge na mbu jioni, na ukiwa umechutama au umekaa muda mrefu, inuka pole pole ukishika mti, kwa sababu baadhi ya dawa za presha humtia mtu kizunguzungu ainukapo ghafula. Kizunguzungu hicho, kikizidi, ni sababu ya kurejea kwa tabibu apunguze au abadilishe dawa. Si sababu ya kuiacha. Narudia, kwa kuwa hili ndilo wengi walitumialo kuwa udhuru: si sababu ya kuiacha.

Bustani

Mchicha, bamia na mnavu vyatosha kumwinamisha na kumwinua mtu asubuhi nzima.

Baraza, bao na kahawa

Endeleeni, maana upweke nao huua. Ila inukeni kila baada ya mchezo mmoja, na mwendao kupimwa presha msinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, kisha mkae kimya dakika 5, miguu chini, mkono umeegemezwa.

Chumvi

Kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja kwa siku, nacho kisijae: humo mna chumvi ya mchuzi, ya achari, ya papa mkavu, ya ng'onda na ya vile viungo vya vidonge vya dukani. Loweka samaki wa chumvi, umwage maji, uloweke tena.

Mwezi wa Ramadhani

Kila mwaka baada ya Idi wodi hujaa. Mwenye dawa za presha au kisukari na aende kwa tabibu kabla ya mwezi kuandama, ili apangiwe zipi zimezwe wakati wa futari na zipi wakati wa daku, au aambiwe kwamba hali yake haimruhusu kufunga. Asiseme kuwa mwezi mmoja si kitu.

Zikitokea dalili hizi za kiharusi

Mdomo kwenda upande. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au kufa ganzi. Maneno kutoka yamevurugika. Jicho kutoona ghafula. Kichwa kuuma ghafula kuliko kilivyowahi kuuma. Moja tu katika hizo yatosha. Tazama saa ilikuwa ngapi dalili zilipoanza, uikumbuke, kwani tabibu ataiuliza. Mpeleke mgonjwa hospitali wakati huo huo, hata ikiwa ni usiku wa manane, hata ikiwa zimetoweka baada ya dakika chache, kwa sababu huenda kiharusi kikubwa kikafuata. Usimpe chakula wala maji, kwani huenda akapaliwa. Usimtie kidonge mdomoni, wala hicho cha presha. Wakati wa kidonge ulikuwa jana na juzi. Usimchanje, usimsugue kwa mafuta ukingoja apate nafuu. Wako wasemao ni upepo mbaya au jini. Hatuji nyumbani kwenu kubishana, twaomba tu hospitali itangulie, maana wakati ukipotea haurudi na sehemu ya bongo iliyokufa haifufuki.

Kwa jamaa wa nyumbani

Mzee hapendi kuulizwa kama mtoto mdogo, basi msimwulize hivyo. Mama, weka vidonge karibu na kikombe chake cha chai. Mjukuu, mletee babu maji ya kumezea, usiondoke mpaka akurudishie kikombe. Mwana uliye mbali, upigapo simu kumwuliza hali, uliza na siku alipopimwa mara ya mwisho, na ikiwa imepita miezi mitatu, tuma nauli.

Na wewe mzee wetu, uliyezificha dawa nyuma ya kabati, au uliyempa mwenzio, au uliyeziacha tangu mwaka jana na hujaona dhara lolote: kesho asubuhi tia vidonge vyote ulivyo navyo katika mfuko mmoja, vipya na vya zamani, panda baiskeli yako, uje zahanati. Hatutakulaumu. Tutakupima, tutaanza upya, na ukitoka hapo njia ya kwenda mikokoni i wazi.