Kuchagua Beringi za Mashine ya Kusagia

Katika vijiji vingi ile injini ya zamani iliyoendesha mashine ya kusagia mahindi huondolewa, na mota ya umeme huwekwa mahali pake. Kazi hii yaonekana nyepesi: injini hutoka, mota huingia, mkanda hurudishwa, na unga huanza kumiminika. Lakini mara nyingi, baada ya siku si nyingi, mashine huanza kulia, shafti hupata moto hata haigusiki, na akina mama waliotoka mbali na debe zao kichwani hurudi nyumbani na mahindi mazima. Wenye mashine huulaumu umeme. Sisi twaona kwamba aghalabu kosa ni la beringi, au tuseme kweli, la mtu aliyezinunua bila kuuliza zitachukua mzigo gani. Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wenye kutunza mashine ya kijiji na walimu wanaoombwa ushauri, mambo yanayofaa kujulikana kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Beringi ni ringi mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi au rola. Ringi ya ndani huishika shafti na kuzunguka pamoja nayo; ringi ya nje hukaa katika nyumba yake.

Jambo la kwanza ni hesabu ya mwendo, nalo huja mbele ya beringi yenyewe. Injini za kale za dizeli zenye gurudumu kubwa zilikwenda polepole. Ile aina ya Lister CS iliyosifiwa sana ilizunguka mara 650 kwa dakika. Kwa hiyo puli ya injini ilikuwa kubwa na puli ya mashine ndogo. Tuseme kipenyo cha ile kubwa kilikuwa milimita 450 na cha ndogo milimita 100: mashine ilizunguka mara 2,925. Sasa mota nyingi za umeme huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Mtu akiihamisha puli ile ile ya milimita 450 juu ya mota, kwa kuwa hataki kununua nyingine, mashine itakwenda mara 6,525. Nguvu ya kuzitupa nyundo nje huongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe, basi hapo imekwisha kuwa karibu mara 5 ya ile ya kwanza. Hakuna beringi ya dukani itakayoponya jambo hili. Nyundo yaweza kukatika, ikatoboa bati la mashine na kumpiga mtu aliyesimama kando. Kwa mota hiyo, puli ya milimita 200 juu ya mota na 100 juu ya mashine yatosha.

Jambo la pili ni mvuto wa mkanda. Mashine inayotumia nguvu za farasi 15, ikizunguka mara 2,900 kwa puli ya milimita 100, mkanda wake huivuta puli kwa nguvu ipatayo kilo 74. Wala mzigo hauishii hapo, maana mkanda sharti ukazwe pande zote mbili ili usiteleze. Mkanda wa V hujikaza katika ubavu wa puli, na shafti huvutwa kwa kadiri ya mara 2 ya nguvu hiyo. Mkanda bapa wa zamani hutaka kukazwa zaidi, na mvuto wake waweza kupita mara 3. Tena, puli ikiwa imening'inia mbali na nyumba ya beringi, beringi ya upande ule huchukua zaidi ya mvuto wote, mithili ya mtu abebaye ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Isogezwe karibu iwezekanavyo.

Kanuni ya wenye kutengeneza beringi ni hii: mzigo wa beringi ya gololi ukiwa mara 2, maisha yake hupungua yakawa sehemu moja ya 8. Kwa hiyo mwenye kuweka puli za milimita 300 na 150, badala ya 200 na 100, ameacha mwendo ule ule, lakini mvuto umeshuka toka kilo 74 hata 49, na beringi zitaishi zaidi ya mara 3. Ni ajabu kwamba watu hubishana sana juu ya bei ya beringi, na puli hawaiulizi.

Sasa aina. Mashine ya sahani husaga kwa kukandamiza sahani moja juu ya nyingine, basi shafti yake husukumwa kwa urefu. Yafaa beringi za rola za mshazari, kama 30208, nazo hufungwa mbili zikielekeana, kwa kuwa kila moja hupokea msukumo wa upande mmoja tu. Mashine ya nyundo haina msukumo huo, ila ina mshtuko na mtikisiko mwingi.

Hapa twakumbuka habari ya Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo mjini Gothenburg, Uswidi. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, nao ulididimia. Shafti ndefu zilizoendesha mikanda zikapinda, na beringi zikaharibika mara kwa mara. Mwaka 1907 alibuni beringi yenye safu mbili za gololi, ambayo ringi yake ya nje imechimbwa ndani kama tumbo la tufe, hata shafti ikiinama kidogo gololi huifuata bila kubanwa. Mwaka 1919 mhandisi mwenziwe, Arvid Palmgren, alitengeneza ya namna hiyo kwa rola. Nani miongoni mwetu hajaona mashine iliyofungwa juu ya mbao, au sakafu iliyopasuka? Beringi ya kawaida ya gololi haivumilii kupinda hata nusu ya digrii. Hizi za Wingquist huvumilia digrii 2 na zaidi. Kwa mashine ya nyundo yenye kazi nyingi, sisi twashauri za rola za Palmgren, ijapokuwa bei yake ni kubwa.

Namba zilizochorwa husomeka hivi. Katika 6308, tarakimu 6 ni aina ya kawaida ya gololi, 3 ni uzito wa umbo, na 08 huzidishwa kwa 5, ikapatikana tundu la milimita 40. Ile 1308 ni ya Wingquist yenye tundu na upana ule ule. 22308 ni ya Palmgren, nayo ni nene zaidi, milimita 33 badala ya 23, basi nyumba yake lazima ibadilike. Alama 2RS huonyesha vifuniko vya mpira pande zote mbili, jambo jema palipo na vumbi la unga. Sanduku lenye jina kubwa kwa bei ya kutupa litiliwe shaka, maana beringi za bandia zimejaa sokoni.

Katika kufunga, beringi moja ishikwe imara katika nyumba yake na ya pili iachiwe nafasi ya kusogea, kwani shafti ya mita 1 ikipata joto la digrii 40 zaidi hurefuka karibu nusu milimita. Beringi isigongwe kwa nyundo katika ringi ya nje. Ile isiyo na vifuniko ipashwe katika mafuta safi hata digrii 100, nayo itaingia kwa mkono. Puli zilinganishwe kwa uzi ulionyooshwa. Mkanda wa V ukibonyezwa katikati ushuke kadiri ya milimita 16 kwa kila mita ya nafasi kati ya puli. Grisi ijaze beringi, lakini nyumba yake isipite nusu, kwa maana iliyozidi huleta joto. Kisha mashine iendeshwe tupu saa moja, izimwe, mkanda uondolewe, na nyumba za beringi ziguswe kwa kiganja. Isiyovumilika ifunguliwe siku ile ile, kabla ya gunia la kwanza kumwagwa.