Usifunge Terminali, Jibu Liko Njiani

Wadogo zangu, maswali yenu yamefika, ila leo nachukua moja tu kwa sababu limenikumbusha ujinga wangu mwenyewe.

Mdogo wangu mmoja yuko Morogoro, anasoma chuo. Kaweka Linux kwenye laptop ya mtumba, Wi-Fi ikagoma. Mwenzake akamshauri aweke irssi, programu ya soga za IRC, aingie chaneli kwenye mtandao wa Libera.Chat akawaulize wanaojua. Akaingia kwa waya wa mtandao. Anasema majina ya watu yalimwagika kwenye ile skrini nyeusi mpaka akaogopa. Akaandika: habari zenu, kuna mtu anaweza kunisaidia? Kimya. Baada ya dakika 4 akaandika tena: hakuna mtu humu? Kimya. Akafunga, akaniandikia mimi: "Dada, hawa watu wana dharau, au ni kwa sababu mimi mgeni?"

Hakuna aliyekudharau, mdogo wangu. Wengi hawakuwepo. Yale majina uliyoyaona, wenyewe wamelala, wako kazini, wengine wanapika. Kompyuta zao ndizo zimebaki mle. Mtu anarudi baada ya nusu saa, anapandisha juu kusoma yaliyopita, anakuta swali lako, anataka kukujibu, na wewe umeshaondoka. Nina hakika kuna watu waliowahi kunijibu vizuri sana na mpaka leo sijui walisema nini.

Elewa kwanza hiki chombo. IRC ilitengenezwa na Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, Agosti 1988, yaani WhatsApp ni kitukuu chake. Seva yake ya kawaida inapokea ujumbe, inaugawa kwa waliomo wakati huo, basi, imesahau. Haikuwekei kiporo. Ukitoka saa 2 ukarudi saa 3, ya saa nzima yamekupita. Waliozoea WhatsApp, ambayo ukiwasha data tu jumbe zinamiminika, hapo ndipo wanapokwama.

Kwa hiyo jambo la kwanza kujifunza ni kukaa. Kabla hata ya kuifungua irssi, fungua tmux. Andika `tmux new -s soga`, halafu ndani yake andika `irssi`. Ukitaka kufanya mambo mengine bonyeza Ctrl na b, achia, kisha d. Skrini inaondoka lakini irssi inaendelea kukaa barazani kwa niaba yako. Ukirudi, `tmux attach -t soga`, unakuta kila kilichosemwa. Kwenye irssi andika pia `/set autolog on`, mazungumzo yatajihifadhi yenyewe kwenye folda ya irclogs.

Nisikudanganye lakini: laptop ikilala, umeme ukikatika au bando likiisha, na irssi imetoka. Waliobobea wanaiweka kwenye kompyuta isiyozimwa, wanaingia kwa ssh. Kama chuo chenu kina seva ya wanafunzi na wanaruhusu, omba akaunti. Kama hakuna, acha laptop kwenye chaji jioni moja, inatosha. Hata simu ya Android inafaa, irssi inapatikana ndani ya Termux, na maandishi matupu yanakula bando kidogo mno. Ila simu nyingi hupenda kuua programu zilizo nyuma, kwa hiyo usiiamini sana.

Sasa swali lenyewe. Hapa malezi yetu yanatuponza. Sisi tumefundishwa hodi kwanza, salamu, habari za nyumbani, ndipo shida. Mimi siku za mwanzo nilikuwa naandika salamu halafu nakaa nasubiri niitikiwe, kama mtu aliyesimama mlangoni na kikapu. Barazani kule salamu haingoji jibu. Salimia na uulize katika mstari huohuo, na swali liwe na nyama. "Kuna mtu anajua Wi-Fi?" haina kitu cha kushika. Sema hivi: natumia Debian 12, kadi ni ya Realtek, `lspci` inaionyesha lakini `ip link` haioneshi kifaa cha Wi-Fi, nimeshaweka firmware-realtek na kuwasha upya, bado. Anayejua akisoma hapo ameshaanza kufikiri. Chaneli nyingi kule zinatumia Kiingereza, kwa hiyo andika Kiingereza chako hichohicho cha kuunga. Wanachoangalia ni matokeo ya amri zako.

Na usibandike mistari 40 ya makosa mle ndani. Ujumbe mmoja wa IRC una baiti 512 tu, ikiwemo anwani yake, kwa hiyo mistari yako itamwagika mmojammoja mbele za watu na unaweza kutolewa. irssi yenyewe ni muungwana, hukuuliza kama kweli unataka kubandika yote hayo. Kataa. Badala yake andika kwenye terminali `lspci -k | nc termbin.com 9999`, utapewa kiungo kimoja kifupi, hicho ndicho unachowapa. Kiungo hicho ni cha wazi kwa kila mtu, kwa hiyo pitisha jicho kwanza kama mna jina lako au nywila mle.

Nywila! Haya, njooni niwaambie aibu yangu.

Kwenye Libera, jina lako unalilinda kwa kulisajili kwa NickServ, huduma ya kusajili majina, na chaneli nyingine hazimruhusu kusema asiyejisajili. Unaandika `/msg NickServ REGISTER`, halafu nywila, halafu barua pepe yako, kisha unathibitisha kwa ujumbe watakaokutumia. Siku nyingine ukirudi unajitambulisha kwa IDENTIFY. Kila amri inaanza na slashi, na slashi lazima iwe herufi ya kwanza kabisa. Mimi siku hiyo nilikuwa na haraka, kidole kikagusa nafasi kabla ya slashi. Nafasi moja. irssi ikaona hayo ni maneno ya kawaida, ikayapeleka kwenye chaneli niliyokuwemo, na mstari mzima ukatokea na jina langu mbele: msg, NickServ, IDENTIFY, na nywila yangu yote. Ndugu zangu, kule hakuna kufuta. Nilikaa nautazama ule mstari kama mtu aliyeangusha sahani harusini. Mtu mmoja akaandika tu: ibadilishe sasa hivi. Nikabadilisha kwa `/msg NickServ SET PASSWORD`. Lakini shida haikuishia hapo, maana nywila ileile ndiyo ilikuwa ya barua pepe yangu. Usiku ule nililala saa 9.

Kwa hiyo nywila ya NickServ iwe yake peke yake. Na ukitaka kuiandika, bonyeza Alt na 1 kwanza urudi dirisha la kwanza la irssi, lile la taarifa za seva. Pale hata ukikosea nafasi, maneno hayana chaneli ya kwenda.

Wasichana, hili nalisema kwa sauti ya chini. irssi ikianza inachukua jina la akaunti na jina kamili uliloandika siku unaweka Linux, na yeyote akiandika `/whois` na jina lako la soga anayasoma. Umejiita "nyota" kumbe nyuma pameandikwa jina lako la cheti. Kabla ya kuunganisha, andika `/set real_name` na `/set user_name`, kila moja ikifuatiwa na kitu kingine, halafu unganisha kwa `/connect -tls irc.libera.chat 6697` ili mazungumzo kati yako na seva yasisomwe na mwingine njiani. Akija mtu faraghani na maneno ya hovyo, usimjibu hata neno. Andika `/ignore` na jina lake, amekwisha. Wakizidi, ukiwa Libera andika `/mode`, jina lako, na `+R`, wasiojisajili hawataweza kukutumia ujumbe wa faragha. Niliwahi kudhani kuvumilia ndiyo adabu. Nilikosea.

Kuna atakayeniuliza kwa nini tuteseke na amri wakati kuna programu zenye picha na vitufe. Tumieni hizo, sina ugomvi. Ila Wi-Fi ikikataa na mazingira ya picha yakakataa pia, terminali na waya wa mtandao ndivyo vinavyobaki, na humohumo unaweza kuuliza mtu.

Wewe wa Morogoro, usiku huu rudi kwenye chaneli ileile, hakuna anayekukumbuka. tmux kwanza. Andika swali lako mara moja, lote, halafu nenda kaoge, kale, usirudi kuchungulia kabla ya saa nzima. Ukijibiwa, waambie kama imekubali au imekataa, na uwashukuru kabla hujaandika `/quit`.