SOMO LA ROBO HII: TUTUNZE MITI YA NYUMBANI WAKATI WA UKAME



Kila hali ya hewa ina shida zake. Ndugu zetu wa Makete na Njombe hupambana na sakitu inayounguza majani kati ya Juni na Agosti. Sisi wa Dar es Salaam hatuijui barafu, ila tunaujua ukame. Katika somo hili tunaangalia jinsi ukame na wadudu wanavyoshirikiana kuharibu mnazi, mti ambao bado unasimama katika nyua nyingi za Kinondoni na Temeke. Hapa Mikocheni, mtaa uliopewa jina kutokana na mikoche, ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, kilichotokana na mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwaka 1979.

Ukame unafanya nini?
Mvua za vuli au masika zikipungua, mnazi huangusha vidaka na nazi zake huwa ndogo. Upungufu wa mavuno huweza kuonekana hata mwaka mmoja au zaidi baadaye, wakati mwenye mti ameshausahau ukame wenyewe. Miche michanga hufa, na minazi iliyokwisha kuchoka hukauka.

Adui anazaliwa wapi?
Mnazi uliokufa ukiachwa uoze, unakuwa nyumba ya chonga. Huyu ni mbawakawa mkubwa mweusi mwenye pembe. Jike hutaga mayai katika magogo na visiki vinavyooza na katika lundo la samadi. Funza wake weupe hukaa humo miezi kadhaa. Wakishakuwa wakubwa, huruka usiku na kutoboa moyo wa mnazi. Utawatambua kwa makuti mapya yanayofunguka yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi. Mche ukitobolewa moyoni hasa, hufa.

Kwa hiyo gogo la jirani mmoja linaweza kuua miche ya nyumba nyingi. Hii ndiyo sababu kazi hii ni ya kamati, si ya mtu mmoja.

Tufanye nini?
1. Magogo na visiki vipasuliwe, vikaushwe na kutumika kama kuni, au vifukiwe kabisa.
2. Lundo la samadi ligeuzwe mara kwa mara. Funza wakiokotwa, kuku watawafurahia.
3. Mche ukaguliwe kila wiki. Ukiona tundu lenye makapi mabichi, mtoe chonga kwa waya wenye ncha iliyopinda.
4. Miche imwagiliwe wakati wa kiangazi, na shina lizungushiwe matandazo ya makumbi au majani makavu.
5. Maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wasiuawe. Wanauma kweli, lakini huwafukuza kunguni wa minazi wanaofyonza vidaka hadi vikaanguka. Mwembe au mchungwa wenye viota vyao karibu na mnazi ni msaada mkubwa.

Neno kwa wafadhili
Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita hivi au zaidi kabla ya kuzaa. Mche ukifa katika mwaka wa tatu, fedha ya mche ni hasara ndogo. Miaka mitatu ya familia ile hairudi. Tunaomba msaada wa miche uambatane na msaada wa maji na wa kusafisha magogo. Na katika taarifa zetu, tuhesabu miche iliyo hai baada ya kiangazi, si ile iliyopandwa tu.

Maswali ya kujadili katika kamati
- Katika mtaa wetu kuna magogo mangapi ya minazi yanayooza, na yako kwa nani?
- Nani atawasaidia wazee na wajane wasioweza kuyapasua?
- Miche ya msimu uliopita, mingapi bado hai?