SOMO LA LEO: Kikao cha nyanya kilichonifanya nirudishe pesa za wateja 11

Leo sina somo la kupiga picha wala la kupanga bei. Leo nataka niwasimulie kuhusu nyanya za kwenye ndoo, halafu tutoe humo masomo ya biashara. Soma mpaka mwisho maana kuna sehemu nimepigwa hasara, na sitaki wewe upigwe palepale.

Miaka ya 2010 hivi tulikuwa majirani wanne pale Tabata tunaolima nyanya nyumbani. Hakuna aliyekuwa na shamba. Ni ndoo za rangi zile za lita 20, viroba vya mbolea, na kipande cha uchochoro kinachopata jua. Jioni mnapitiana, huyu anakuonyesha maua yameanza, yule anakuomba mche. Baadaye kila mtu akahama. Mzee wetu akarudi kwao Lushoto, dada mmoja akaolewa Arusha, kaka mmoja akapata kazi Dodoma. Mimi nikabaki hapahapa Dar. Simu yangu ikaibiwa, namba zikapotea, basi ikawa kimya.

Mwaka huu tukakutana msibani. Baada ya mazishi tumekaa chini ya turubai, namsalimia mzee, "Shikamoo mzee wangu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Vipi, bado una zile ndoo?" Yaani huwezi amini, wote wanne bado tunalima. Palepale tukaunda kikundi cha WhatsApp na kukubaliana jambo moja: kila mtu asimulie msimu wake wote. Ulipanda nini, ulipanda lini, nini kimekufa, umevuna kiasi gani. Hakuna kutuma picha nzuri tu.

Hapo ndipo shule ilipoanza.

WALICHOSEMA WENZANGU

Mzee wa Lushoto alihamisha miche yake mwezi wa tatu, masika yanaingia. Kule kuna baridi, na mvua ikikutana na baridi ndio karamu ya bakajani chelewa. Majani yalipata madoa kama yamemwagiwa maji ya moto, na ndani ya wiki mche umeisha. Lakini viroba sita alikuwa ameviweka chini ya nailoni aliyoifunga juu ya miti. Vile sita vilipona. Sababu ni nyepesi: ugonjwa ule unahitaji majani yakae yamelowa, na chini ya nailoni majani yalikuwa makavu. Anamwagilia shinani, hamwagilii juu.

Dada wa Arusha alikuwa na kilio kingine. Alipumzika kulima miaka kadhaa, alivyorudi akakuta adui ambaye zamani Tabata hatukumjua: kantangaze. Huyu mdudu asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania alionekana mara ya kwanza mwaka 2014. Viwavi wake wanachimba njia ndani ya jani na kutoboa tunda. Dada alimpulizia dawa aliyokuwa anatumia zamani, wapi. Kilichomsaidia ni kukagua majani kila asubuhi, kuchuma yenye michirizi na kuyafukia, kuweka mtego wa harufu wenye maji chini yake, na kufunika ndoo chache kwa chandarua chenye matundu madogo sana. Aliandika hivi: "Jamani, uzoefu wa zamani usiwadanganye. Mimi nilidhani najua nyanya."

Kaka wa Dodoma tatizo lake ni jua na maji. Yeye anaweka matandazo ya nyasi kavu juu ya udongo wa kila ndoo, vidole vinne hivi kwenda juu. Anasema tangu aanze hivyo, ndoo haikauki kabla ya jioni.

Mimi nikaleta langu: nyanya zangu zilikuwa zinaoza kitako. Tunda zuri juu, chini lina doa jeusi. Nilikuwa nahangaika kutafuta dawa. Mzee akaniuliza swali moja tu, "Maji unamwagilia vipi?" Nikamwambia ukweli: maji kwetu ni ya mgao, kwa hiyo siku mbili hakuna kitu, siku ya tatu namwaga ndoo nzima. Akacheka. Kumbe ule sio ugonjwa wa kupuliziwa dawa. Tunda linakosa madini ya chokaa, na mara nyingi chokaa ipo kwenye udongo ila haifiki kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa kushtukiza. Nikaiga matandazo ya Dodoma, nikaanza kuhifadhi maji ya kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Matunda yaliyofuata yakatoka mazima.

SASA TUJE KWENYE AIBU YANGU

Msimu uliopita nilivuna nyanya kubwa sana, za mbegu ya F1. Nikapata wazo, nikakamua mbegu, nikazivundika siku tatu, nikaosha, nikakausha kivulini. Nikaziweka status: "Mbegu za nyanya kubwa za nyumbani, pakti 3,000." Watu 11 wakanunua. Nikajiona mjanja.

Mwaka huu wakaanza kunirudia mmoja mmoja. Mmoja zake zimetoka ndogo kama goroli. Mwingine mche huu mrefu, ule mfupi. Mwingine zimechelewa kuiva. Nikawa najibu, "Labda udongo wako, dada." Na mimi niliamini hivyo, sikuwa nawadanganya kwa makusudi.

Nilipoisimulia kikundini, mzee akaandika, "Mwanangu, mbegu za F1 hazirudi." Akaeleza. F1 ni mtoto wa kwanza wa wazazi wawili tofauti waliochaguliwa. Huyo mtoto wa kwanza anakuwa mzuri na wote wanafanana. Lakini ukichukua mbegu zake ukapanda, wajukuu wanatawanyika: huyu kafuata babu, huyu kafuata bibi. Kama unataka kutunza mbegu mwenyewe, tumia aina za kawaida kama Tanya au Tengeru 97, hizo watoto wanafanana na mama.

Halafu akaongeza la pili lililoniumiza zaidi: kuuza mbegu ambazo hazijathibitishwa ni kosa kisheria. Kuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na kuna taasisi yake, TOSCI, ambayo lebo yake unaiona kwenye pakiti za dukani. Mimi nilikuwa naona tu watu mtandaoni wanauza, nikafuata mkumbo.

Sasa angalia hesabu za msimu wangu, nimeziandika kwenye daftari:

Ndoo 12, kila moja wastani kilo 3. Jumla kilo 36.
Zilizooza kitako na kuharibika: kilo 9. Zikabaki 27.
Tulizokula nyumbani: kilo 7. Nilizouza: kilo 20 kwa 2,500 = 50,000.
Gharama: mbegu 5,000, mbolea 12,000, vijiti na kamba 6,000, maji 9,000 = 32,000.
Faida ya nyanya: 18,000.

Kutoka kitalu kilekile nilipata miche 60. Nilipanda 12, ikafa 8, nikauza 40 kwa 500 = 20,000. Niliiotesha kwenye chupa za maji zilizokatwa, kwa hiyo sikuongeza gharama.

Jumla ya faida: 38,000.

Wateja 11 mara 3,000 = 33,000.

Nilikaa nayo siku mbili. Nikajiambia wengine hata hawajalalamika, wamesahau. Lakini wanne walikuwa wamelalamika na mimi nikawatupia lawama za udongo wao. Ikabidi niwapigie wote 11. "Dada, zile mbegu nilikuuzia kimakosa. Kosa ni langu, udongo wako hauna shida. Nakurudishia pesa yako." Nikatuma kwa simu, mmoja mmoja. Kazi ya miezi minne ikabaki na 5,000, na hapo sijatoa makato ya kutuma.

Sitawadanganya kwamba wote wamerudi kununua. Wawili walinijibu "sawa" tu na kimya mpaka leo. Ila watatu kati yao walichukua miche, na mmoja akamleta shemeji yake. Ninalala usingizi, hilo nalo lina bei yake.

MASOMO YA KUONDOKA NAYO

1. Jua unachouza kabla hujakiuza. Sio nyanya tu. Uwe unauza mafuta ya nywele, vitenge au asali, kama mteja akikuuliza "hii imetokana na nini?" na wewe unabahatisha, simama kwanza, ulize anayejua. Kwa wanaouza miche: andika jina la aina kwenye kila mche, na kama ni F1 mwambie mteja asitunze mbegu. Ukitaka kuotesha miche kwa wingi, pita kwa afisa kilimo wa kata yako akuambie taratibu. Mbegu zako za nyumbani panda mwenyewe.

2. Bidhaa yako ya pili inaweza kuwa bora kuliko ya kwanza. Nyanya zilinichukua miezi minne zikanipa 18,000. Miche ilinichukua wiki nne ikanipa 20,000. Bila daftari nisingejua, ningeendelea kujiita muuza nyanya.

3. Usafiri ndio unaoua. Mteja wa kilo mbili analipa 5,000, boda anataka 3,000. Nani atakubali? Mimi natangaza siku moja tu ya wiki na mtaa mmoja: "Jumamosi napita Kinyerezi." Oda zikifika tano natoka. Zisipofika, wanaokaa karibu wanakuja kuchukua.

4. Chuma mapema kidogo. Nyanya iliyoanza kubadilika rangi itaivia ndani, na inavumilia kubebwa. Iliyoiva kabisa ikikaa kwenye mfuko wa boda inafika juisi. Tumia boksi au ndoo pana, usirundike. Na mwambie mteja asiweke kwenye friji kama haijaiva, baridi inaua ladha.

5. Lenga wakati wa uhaba. Kuanzia kitalu mpaka kuvuna hesabu miezi mitatu hadi minne. Ukipanda wakati kila mtu anapanda, utavuna wakati tenga limeshuka bei sokoni na hakuna atakayetafuta nyanya zako mtandaoni. Mvua inaleta magonjwa, na ndio maana baada ya mvua nyanya huwa chache. Mwenye nailoni yake juu ya ndoo 12 anaweza kuvuna kipindi hicho.

6. Onyesha na hasara. Nilipoweka status picha ya nyanya iliyooza kitako nikaeleza nilivyokosea kumwagilia, nilipata maswali mengi kuliko picha yoyote nzuri niliyowahi kuweka. Na wengi waliouliza ndio wakanunua miche. Mtu anayelima anajua mimea inakufa. Ukimwonyesha kila siku vizuri tu, anajua unamficha.

7. Watafute wenzako wa zamani. Hili ndilo kubwa. Mimi nilikuwa nahangaika peke yangu miaka yote hiyo na jibu la kitako cheusi alikuwa nalo mzee niliyekaa naye ukuta mmoja. Dada wa Arusha naye alikuwa anapambana na kantangaze peke yake. Kila mtu alikuwa na kipande cha jibu mfukoni. Kama ulianza biashara na watu fulani mkapotezana, watafute. Usianze kwa kuwauzia kitu. Anza na, "Vipi, bado unafanya ile kazi? Msimu wako ulikwendaje?"

KAZI YA WIKI HII

Chukua daftari, andika mambo manne kuhusu msimu wako uliopita: nilianza lini, nilitumia kiasi gani, nini kiliharibika, nilipata nini. Halafu mpigie mtu mmoja mliyeanza naye, msomee. Usiruke ile sehemu ya kilichoharibika.

Sisi tumepanga Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kila mtu anatuma picha ya ndoo zake, zilizopona na zilizokufa. Mzee ameshaanza kutudai.

Je, wewe umewahi kuuza kitu bila kukijua vizuri? Ulifanyaje mteja aliporudi? Tuambiane hapo chini, tujifunze wote. Na kama una mwenzako anayeuza mbegu za kukamua mwenyewe, mtumie hili somo kabla wateja hawajamrudia.